Picha Imecheza, Upeo Umepinda: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Mtu akijiunga na kundi la wapigapicha, liwe la darasani au la WhatsApp, hamalizi wiki kabla hajasomewa amri. Mhusika akae kwenye theluthi. Upeo unyooke. Jua liwe mgongoni. Mkono usitikisike. Nyuma ya mtu pawe safi. Amri hizi husomwa kama vile zilikuja ndani ya boksi la kamera. Kumbe nyingi zina umri, zina mtunzi, na zilitungwa kujibu shida fulani. Shida ikaondoka, amri ikabaki. Upande wa pili wapo wanaoamini kwamba picha ikishapinda tayari ni sanaa, na ukiuliza kwa nini imepinda unaambiwa huelewi. Nimekusanya hapa kauli za pande zote mbili.

"Kanuni ya theluthi ilizaliwa pamoja na kamera."

Si kweli. Iliandikwa na Mwingereza John Thomas Smith, mchoraji na mchongaji wa picha za kuchapa, katika kitabu chake Remarks on Rural Scenery cha mwaka 1797. Uvumbuzi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, miaka 42 baadaye. Smith alikuwa akiwashauri wachoraji wa mandhari wasigawe turubai nusu kwa nusu: anga lichukue theluthi mbili na ardhi moja, au hesabu igeuzwe. Leo ushauri wake unatokea kwenye kioo cha simu kama mistari minne myembamba, na anayeitazama hana habari na Smith.

Ushauri wenyewe si mbaya. Humfaa sana yule anayeweka kichwa cha kila mtu katikati kabisa, nusu ya juu ya picha ikabaki dari na feni. Ila kuna mambo ambayo theluthi haiwezi kuyasema. Mjapani Hiroshi Sugimoto alianza mwaka 1980 kupiga bahari za dunia kwa namna moja tu: maji nusu, anga nusu, mstari katikati, hakuna mashua, hakuna ndege, hakuna mtu. Kwa kipimo cha Smith hilo ni kosa la mwanafunzi. Lakini angeushusha mstari, zingekuwa picha za anga. Angeupandisha, zingekuwa picha za maji. Yeye alitaka maji na hewa vilingane, kimoja kisimtawale mwenzake, jicho lilazimike kushughulika na tofauti ndogo: ukungu wa siku ile, mawimbi ya saa ile. Kwa kazi hiyo, katikati ndiko mahali pake.

"Picha isiyo kali imeharibika."

Si kweli, na hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu ukali wa picha umebadilisha kambi zaidi ya mara moja.

Desemba 1863, Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta aliyekuwa akiishi Kisiwa cha Wight, Uingereza, alizawadiwa kamera na binti yake na mkwewe. Alikuwa na umri wa miaka 48. Akaanza kupiga nyuso kwa karibu, kubwa kuliko ilivyozoeleka, na alipokuwa akirekebisha lenzi alisimama pale picha ilipompendeza, asiendelee kuizungusha mpaka kila unywele uhesabike. Vioo vya wakati ule vilipakwa dawa na kutumiwa vikiwa bado vibichi, na mhusika alitakiwa kutulia kwa dakika kadhaa, anayepumua hutikisika. Jarida la chama cha wapigapicha la London lilimshambulia kwa uzembe. Itazame picha yake ya mwanafalaki John Herschel ya mwaka 1867: nywele nyeupe zimesimama, macho yana maji, na ule ulaini wa kingo unaufanya uso uonekane unatoka gizani sasa hivi. Picha ile ingekuwa kali kila pahali, tungebaki kuhesabu makunyanzi.

Baadaye ulaini ukawa mtindo, tena mtindo wa wakubwa. Kwa miongo kadhaa, aliyetaka kuitwa msanii alipiga picha zenye ukungu zinazofanana na michoro. Ndipo mwaka 1932 kule California, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao wakaunda kundi la f/64, jina lililotokana na tundu dogo mno la lenzi linaloleta ukali kutoka jiwe la mbele hadi mlima wa nyuma. Kwa hiyo ukali, ambao leo tunafundishwa kama sheria, uliwahi kuwa uasi.

Tarehe 6 Juni 1944, Robert Capa alishuka na wanajeshi wa Marekani kwenye ufukwe wa Omaha, Normandy. Jarida la Life lilichapa picha zake katika toleo la 19 Juni, na ile ya askari anayejivuta majini imecheza hasa, sura haishikiki. Life liliwaeleza wasomaji kuwa msisimko wa tukio ndio uliomfanya mpigapicha atikise kamera. Capa akalijibu jambo hilo kwa kejeli yake mwenyewe: kitabu chake cha kumbukumbu za vita, cha mwaka 1947, alikiita Slightly Out of Focus. Pale mtikisiko ni ushahidi. Unamweka msomaji ndani ya maji. Anayetikisa kamera makusudi kwenye mkutano tulivu wa hoteli, ili picha ionekane ya hatari, anatoa ushahidi wa uongo.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Jarida la Provoke, lililotoka mara tatu tu kati ya mwaka 1968 na 1969, liliwakusanya watu kama Takuma Nakahira na Daido Moriyama, ambao picha zao zilikuwa na chembechembe kama mchanga, zimecheza, hazijalengwa, yote kwa pamoja. Miji ya Japani ilikuwa imejaa maandamano ya wanafunzi, huku matangazo ya biashara yakionyesha nchi safi inayong'aa. Picha iliyochafuka ilikuwa njia ya kukataa kung'aa huko.

Anayetaka kujaribu ajue kwanza ukungu wake unatoka wapi. Chukua bodaboda inayopita, shata ikiwa sehemu ya 1/30 ya sekunde. Ukiifuata kwa kamera, dereva anashikika na maduka nyuma yake yanakuwa mistari: hiyo ni picha ya dereva na haraka zake. Ukiituliza kamera, maduka yanabaki makali na bodaboda inakuwa mfuto: hiyo ni picha ya barabara, na dereva ni mpita njia tu. Na ukikosea kulenga, ukapata ukali kwenye nguzo ya umeme, umepata picha ya nguzo.

"Upeo lazima unyooke."

Si kweli, lakini wengi wanaopindisha hawapindishi vya kutosha. Upeo ulioinama kidogo tu unaonekana kama bahati mbaya, na mtazamaji anatamani kuisukuma fremu kwa kidole. Aleksandr Rodchenko, Mrusi wa miaka ya 1920, aliinamisha kamera kiasi kwamba ngazi na maghorofa yalikuwa kama yanaanguka; hakuna aliyedhani ameteleza. Mwaka 1928 alishambuliwa kwenye jarida la Kisovieti la upigaji picha kwamba anaiga wa Magharibi. Robert Frank, Mswisi aliyezunguka Marekani kwa fedha za ufadhili wa Guggenheim aliopewa mwaka 1955, alitukanwa huko Marekani kwa upeo wake ulioinama, pamoja na giza na chembechembe zake. Garry Winogrand wa New York alikuwa na hoja ya kiufundi zaidi: katika fremu zake mara nyingi kuna kitu kingine kilichosimama wima, nguzo au mtu, naye alinyoosha hicho badala ya upeo. Ukijua anategemea nini, picha zake haziyumbi.

"Jua liwe mgongoni mwa mpigapicha."

Ilikuwa kweli. Kamera ya Brownie ya Kodak iliingia sokoni mwaka 1900 kwa dola moja ya Marekani: boksi la karatasi ngumu, lenzi ya kawaida kabisa, filamu iliyotaka mwanga mwingi. Ukiielekeza kwenye jua, lenzi ilijaa weupe na uso wa mtu ukawa kivuli. Kwa mashine ile, jua mgongoni ndiyo ilikuwa njia ya kurudi nyumbani na kitu. Mashine ikaenda, watu wakaendelea kupanga ndugu zao wakitazama jua, macho yamefumbwa nusu.

Martin Munkácsi, mpigapicha wa Kihungari aliyefanya kazi na magazeti ya Berlin, alipiga karibu na mwaka 1930 picha inayojulikana duniani kwa jina la wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Wavulana wanakimbilia maji, wametupa mgongo, miili yao ni vivuli vyeusi juu ya povu jeupe. Hakuna uso hata mmoja. Kanuni mbili zimekwenda kwa mkupuo, na kila moja ingeirudisha nyuma picha: nyuso zingetutaka tujue ni akina nani, na mwanga wa mbele ungetuonyesha ngozi. Kilichobaki ni mbio tu. Kijana wa Kifaransa aliyeiona mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikiri hadi uzeeni kwamba ndiyo iliyomsukuma atoke barabarani na kamera. Jina lake Henri Cartier-Bresson.

Kuna mzaha ndani ya amri hii pia. Jua likiwa mgongoni asubuhi au jioni, kivuli chako kinaingia kwenye picha, na hilo nalo limekatazwa. Mmarekani Lee Friedlander alilimaliza shauri hilo mwaka 1966 mtaani New York: kivuli cha kichwa chake kimetua kwenye mgongo wa mwanamke aliyevaa koti la manyoya, na nywele zake za kivuli zimesimama kama manyoya yale. Inachekesha, halafu inatisha kidogo, maana mwanamke hajui kuwa kuna mtu nyuma yake.

"Kamera inajua kiasi sahihi cha mwanga."

Si kweli, na sisi watu weusi tungekuwa wa kwanza kulikataa hili. Kipima mwanga cha kamera hakioni mtu wala nguo. Kinachokijua ni wastani: kinadhani kila kilicho mbele yake kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha katikati, kisha kinajitahidi kukirudisha huko. Mpige mtu mwenye kanzu nyeupe siku ya Idi, kanzu inatoka ya kijivu. Mpige aliyevaa buibui jeusi akajaza fremu, kamera itaongeza mwanga mpaka buibui lipauke. Mpigapicha anayejua kazi humwongezea mwenye kanzu mwanga mara mbili ya ule kamera inaotaka, na wa buibui humpunguzia nusu. Kwa maneno mengine, picha sahihi inapatikana kwa kuikatalia kamera.

Wakati wa filamu za rangi ugumu ulikuwa ndani ya dawa na maabara. Mashine za kusafisha picha zilirekebishwa kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyozoeleka kwa jina la Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa. Shirley akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Watu weusi katika picha hiyohiyo walibaki macho na meno. Waliosaidia Kodak kuanza kuirekebisha filamu ni wateja waliotangaza chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kuwa rangi za kahawia hazitofautiani. Ngozi ya mtu ilinufaika baada ya kabati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard, alipokuwa akifanya kazi Msumbiji, alikataa filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi.

Mtu angetegemea basi kuwa mpigapicha mweusi atapigania mwanga zaidi. Roy DeCarava, mzaliwa wa Harlem na Mmarekani mweusi wa kwanza miongoni mwa wapigapicha kupata ufadhili wa Guggenheim, mwaka 1952, alifanya kinyume. Alichapa picha zake zikiwa na giza. Ile ya mwaka 1953 ya ukumbi mwembamba wa nyumba ya kupanga karibu haina kitu: kuta mbili, taa dhaifu, weusi. Ukiipitia haraka unadhani imeungua kinyumenyume. Ukikaa nayo, ndani ya giza kunatokea ngazi baada ya ngazi za rangi ya makaa, na unaelewa kuwa alikuwa akipiga giza lenyewe, lile la watu wanaoishi humo. Alikuwa na weusi wa aina nyingi kuliko wenzake walivyokuwa na weupe. Siku hizi simu hufanya kazi ya kumwokoa mtu na giza bila kuombwa, inang'arisha vivuli vyote, na mtu aliyekaa kwenye kibaraza saa moja usiku anatoka kama yuko studio.

"Nyuma ya mhusika pasiwe na vurugu."

Kwa picha ya pasipoti ni kweli, tena bila mjadala. Kwingineko, muulize Seydou Keïta.

Keïta alikuwa seremala Bamako, Mali. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na Brownie ndogo akampa. Mwaka 1948 akafungua studio, ambayo haikuwa chumba hasa. Alipiga zaidi uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Wateja walikuja na nguo zao bora, zenye maua, mistari, miraba. Akawasimamisha mbele ya pazia lenye maua vilevile, wakati mwingine akawalaza juu ya shuka la miraba. Mwalimu yeyote wa picha angepiga kelele.

Angalia kinachotokea. Nguo inaingia kwenye pazia, pazia linaingia kwenye nguo, na katika bahari hiyo ya maua kuna sehemu chache tu zisizo na nakshi: uso, shingo, mikono. Jicho linakwenda hapo lenyewe. Studio za Ulaya zilitafuta jambo lilelile kwa kuondoa kila kitu nyuma ya mtu. Keïta alilipata kwa kujaza. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja, hivyo hakuna anayeweza kusema ni bahati iliyookotwa kati ya majaribio mia. Alibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, na leo mapazia hayo ndiyo yanayosaidia kujua picha ipi ni ya mwaka gani. Msomaji wa Pwani, aliyekua akiona kanga juu ya kanga sebuleni kwenye harusi, huenda hashangai sana.

"Picha ya sanaa ni nyeusi na nyeupe."

Iliaminika hivyo hadi mwaka 1976, William Eggleston alipoonyesha rangi zake kwenye jumba la MoMA, New York, na wahakiki wakachukia. Mojawapo ya picha zake maarufu, ya mwaka 1973 kutoka Greenwood, Mississippi, ni dari jekundu, balbu tupu na nyaya nyeupe. Ipige bila rangi, inabaki taarifa ya fundi umeme.

"Cartier-Bresson hakuwahi kukata picha."

Karibu kweli. Alikuwa mkali kwelikweli juu ya hilo: fremu ibaki ilivyopigwa. Lakini picha yake inayotajwa kuliko zote, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, mwaka 1932, imekatwa. Aliipiga kupitia upenyo wa uzio wa mbao na ubao ukaziba upande wa kushoto. Aliukata ubao, na alifanya vyema.

"Lazima uzijue kanuni ndipo uzivunje."

Hii ndiyo kauli ya walimu, na ni nusu kweli. Cameron hakusomea. Keïta alifundishwa kusafisha picha, lakini hakuna aliyemweleza nadharia ya mandhari ya nyuma. Jacques-Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894, alikuwa kijana alipopiga gari la mashindano kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia: gurudumu limekuwa yai, limeinamia mbele, watazamaji na nguzo wameinamia nyuma. Kamera yake ilikuwa na shata ya upenyo unaoshuka polepole mbele ya kioo, kwa hiyo sehemu moja ya gari ilipigwa mapema na nyingine ikachelewa, huku mwenyewe akiifuata kwa mkono. (Simu yako hufanya hivyohivyo ukipiga kutoka dirishani mwa basi, ndiyo maana nguzo zinalala.) Lartigue aliiona imeharibika akaiweka kando. Miaka mingi baadaye watu waliona kwamba hakuna picha nyingine inayoonyesha mwendo kama ile.

Kwa hiyo mkono unaweza kuvunja bila kujua. Jicho linalochagua ndilo lisiloweza. Frank alipiga picha zipatazo 28,000 katika safari zake za Marekani. Kitabu chake The Americans, kilichotoka Ufaransa mwaka 1958 na Marekani mwaka uliofuata, kina 83. Humo kuna zilizoinama, zenye giza, zilizokosa lengo, na bila shaka katika yale maelfu yaliyobaki zilikuwemo nyingi zilizoinama vilevile. Zilizoingia ni zile ambazo kasoro yake ilisema jambo kuhusu mtu au mahali palipopigwa. Ujuzi wake aliutumia mezani, amezungukwa na karatasi za majaribio, zaidi ya alivyoutumia barabarani. Wanaoanza leo huvunja kanuni mchana kutwa na kupandisha picha zote jioni. Wafute kwanza.

"Kwenye sanaa hakuna kisichoruhusiwa."

Si kweli, ingawa mpaka haupo pale watu wanapoutafuta. Linganisha kazi mbili.

Mwaka 1954 mpigapicha Eugene Smith alikwenda Lambaréné, Gabon, kumpiga daktari Albert Schweitzer kwa ajili ya Life. Picha inayofungua habari ile inamwonyesha Schweitzer kwenye eneo la ujenzi, na chini kwenye kona kuna kivuli cha mpini wa msumeno na mkono. Mpini na mkono havikuwepo hapo. Smith alivitoa kwenye filamu nyingine akaviunganisha kwenye chumba cha giza, kona isipwaye. Msomaji hakuambiwa.

Lamu, Omar Said Bakor aliendesha studio yake na kujulikana kwa picha za kuunganisha: alikata, akabandika, akapiga tena, akamweka mteja mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kukaa. Kwa ufundi, Bakor alivuka mbali kuliko Smith. Lakini mteja wake aliingia mlangoni akilitaka hilo, akalilipia, akalipeleka kwa ndugu wakacheka na kustaajabu. Hakuna aliyedanganywa. Smith alibadilisha kipande kidogo, ila alikibadilisha ndani ya habari iliyouzwa kama iliyotokea. Mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2015 yaliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho kwa kosa la aina hiyo: vitu vilivyoongezwa, kufutwa au kufichwa. Katika habari unaweza kuinamisha, kutikisa, kupiga gizani utakavyo. Huwezi kuongeza mkono.

Harusi ni shauri jingine. Mama wa bwana harusi hakulipia Moriyama. Mpigapicha mwenye busara hummalizia kwanza picha zake za familia, upeo umenyooka na kila shangazi anaonekana, halafu ndipo anaomba dakika kumi za kwake.

"Kwa simu haiwezekani, inasahihisha kila kitu."

Si kweli, inataka tu kushikwa. Kwenye simu nyingi, bonyeza kidole kwenye kioo na usikiachie mpaka mwanga na lengo vijifunge, kisha telezesha chini: giza linarudi, vivuli vinakuwa vivuli. Simu nyingi zina mahali pa kurekebisha mwenyewe. Humo unaweza kuchelewesha shata hadi nusu sekunde na kuliacha soko zima lipite. Zima kipengele kinachochanganya picha kadhaa kuwa moja, kama simu yako inakuruhusu, maana hicho ndicho kinachoondoa usiku kwenye picha za usiku.

Na masika yakija, panda daladala kaa dirishani. Saul Leiter alipiga New York ya miaka ya 1950 kupitia vioo vilivyolowa na vilivyojaa mvuke, kwa filamu ambazo mara nyingi zilikuwa zimeshapita muda wake, na watu wa picha zake ni doa la mwavuli mwekundu au bega la koti. Gusa kioo cha simu pale penye tone la maji, mtaa wote uyeyuke nyuma yake. Fleshi iwe imezimwa. Isipozimwa utapata picha ya fleshi.